Papa Kine na Bei ya Miezi

Nyuma ya chumba cha chanjo, katika kituo cha afya cha kanisa kule Vulamba, kulikuwa na mtu ambaye watu wa mji wetu, Butembo, walimwendea kununua miezi. Sina neno lingine la kutumia. Walifika wakichechemea, wakalala kwenye kitanda chake cha mbao, wakaguswa goti, kisha wakainuka kwa kiwiko na kuuliza kama wanavyouliza bei ya kitenge: "Papa, miezi ngapi?" Naye alitaja. Nao walipunguza.

Alikuwa kine wa kituo hicho, yaani mtu wa kuwafundisha walioumia kutumia tena viungo vyao. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Papa Kine. Jina lake la ubatizo nalijua, lakini sitaliandika, kwa sababu sikumsikia mtu hata mmoja akilitumia, mke wake akiwemo.

Niseme mapema kwa nini nilimhitaji. Mimi ni msichana, na ni mwamuzi wa mpira. Hakuna aliyenifundisha. Nilijisomea sheria kwenye simu, nikazikariri, nikajipulizia filimbi chumbani mpaka jirani akagonga ukuta. Nilichezesha mechi za mitaa, na kila nilipokosea hata mpira wa kurusha nilikosa usingizi. Ili upate kadi ya kuchezesha ligi lazima upite mtihani wa kukimbia, ambao upande wetu hufanyika Beni mara moja kwa mwaka, na wanaoanza wana kikomo cha umri. Siku nilipoumia, umri wangu ulikuwa umeniachia mitihani miwili. Basi nilipolala kwenye kile kitanda cha mbao sikumpelekea Papa Kine goti peke yake.

Niliumia kwenye uwanja wetu, ambao umelala ubavu kama karibu kila kitu Butembo, mji wa vilima. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilirudi nyuma ili niione kona vizuri, mguu wa kushoto ukabaki kwenye tope, mwili ukageuka bila mguu huo. Nilisikia kitu ndani, kama kijiti kinachovunjwa chini ya blanketi. Nilianguka, na jambo la kwanza nililolifikiria ni kwamba sikuwa nimepuliza filimbi ya kusimamisha mchezo. Nikapuliza nikiwa nimelala. Wachezaji walicheka, halafu wakaona uso wangu, wakaacha.

Nyumbani shangazi yangu alifanya anachofanya kila shangazi wa kwetu. Alichemsha maji na chumvi, akanipaka mawese, akalikanda goti kwa vidole gumba kana kwamba anatafuta kitu kilichopotea humo. Asubuhi lilikuwa limefura kama papai.

Papa Kine alilitazama.

"Nani alikanda hii?"

"Shangazi."

"Umwambie shangazi goti haiko bukari. Haiivi juu ya kukorogwa."

Bukari ni ugali wetu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema, na maneno yake yalibaki kichwani kuliko dawa tumboni. Kwa waliotaka sindano alisema, "Sindano inalalisha mbwa, mwizi bado iko ndani." Kwa wale waliokaa kitandani miezi mizima wakiogopa kuukunja mguu: "Mulango yenye haifunguliwe, bawaba inashika kutu." Na kwa mimi, Arbitre wake, yaani mwamuzi, niliyefanya mazoezi maradufu ya yale aliyoniagiza, kisha nikarudi na goti limefura upya nikitarajia sifa: "Arbitre, nilikutuma sokoni kuleta chumvi, weye umeleta duka muzima."

Naungama kwamba maneno hayo yaliniumiza siku kadhaa. Sijui kufanya kitu kidogo. Alinipa taulo la kukunja chini ya goti, nilibane, nihesabu pole pole, niachie. Nililibana mpaka paja likatetemeka. Alinitaka nishuke ngazi moja ya mlango wa kituo kwa mguu mbaya, bila kushika kitu. Nilishuka nikitazama kama goti limeingia ndani hata kidogo, na likiingia nilianza upya, na nikikosa tena nililia. Yeye alikuwa akisubiri nimalize kulia huku akitazama dirishani. Hakuwahi kuniambia nyamaza. Mara moja tu aliuliza, "Umemaliza ao iko ingine?" Kilio kilichobaki kikageuka kicheko.

Ukimwona kazini ungedhani uvumilivu ulizaliwa siku moja naye. Nje ya kituo alikuwa mtu wa haraka kuliko wote niliowajua. Hakungoja chai ipoe. Aliinywa akiunguza ulimi na kulaumu kikombe. Alirukia moto, yaani pikipiki ya abiria, kabla dereva hajasimama vizuri, na akishuka alianza kutembea kabla ya kulipa, dereva akimkimbiza, "Papa! Papa! Kichwa iko wapi?" Watu waliovunjika miguu kwenye moto walikuwa nusu ya kazi yake.

Goti lake mwenyewe la kulia lilikuwa bovu. Lililia kama mlango wakati wa kuchuchumaa. Siku moja nilithubutu kumuuliza kama analifanyia mazoezi anayotupa sisi.

"Muchungaji anajihubiria?" alijibu.

"Anapaswa, Papa."

"Basi uendee muchungaji."

Alikuwa Mprotestanti wa kuzaliwa na kuzeeka, shemasi wa kusimama mlangoni Jumapili, lakini misa ya kwanza ya Wakatoliki ilipokuwa ikitoka alikuwa tayari ng'ambo ya barabara, akitazama ngazi ndefu za kanisa lao. Ibada yake yeye ilianza baadaye. Watu walimtania kwamba anakaribia kubadilisha dini. "Wakatoliki banapiga magoti sana," alisema. "Mungu anabaona, na miye nabaona." Alipomwona mama mzee akishuka kwa kuuburuta mguu alimpigia kelele palepale, mbele ya paroko na kwaya: "Mama! Muguu muzuri ndiyo inapanda mbele! Ya mubaya inashuka mbele! Nilisema mara ngapi?" Na yule mama, amevaa kitenge cha sikukuu, alirudi juu ngazi mbili na kushuka tena vizuri, kama mtoto wa shule.

Nirudi kwenye miezi, maana hapo ndipo penye habari yenyewe.

Mji wetu ni wa wafanyabiashara. Mtoto wa Butembo anajifunza kupunguza bei kabla ya kujifunza kuandika, na anayelipa bei ya kwanza anaonekana amewakosea heshima wote wawili, muuzaji na mama yake. Kwa hiyo watu walimfanyia Papa Kine walivyomfanyia muuza maharage. Nilikuwa kwenye benchi siku alipoletwa deklarani mmoja wa Kasindi, mmoja wa wale wanaopitisha mizigo ya watu forodhani. Alikuwa ameruka kutoka kwenye lori, na ule mto mdogo ulio ndani ya goti ulikuwa umechanika.

"Miezi sita," alisema Papa Kine.

"Sita! Papa, unaniua. Niko na magari mupakani. Fanya mbili."

"Mbili utarudia hapa na fimbo. Tano."

"Tatu. Na nakuletea samaki."

"Samaki utakula weye mwenyewe. Ine na nusu."

"Ine, Papa. Tumalize. Uangalie na watu banangoja."

"Ine. Lakini ine ya Butembo, haiko ine ya Kasindi. Ukipanda lori mbele ya ine kuisha, hapana niite tena."

Benchi zima lilicheka. Deklarani alitoka akichechemea na uso wa mtu aliyenunua vizuri. Nilichoona, bila kukielewa, ni kwamba Papa Kine naye alikuwa na uso wa mtu aliyeuza vizuri.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba sokoni mtu huyohuyo hakuweza kupunguza bei ya nyanya. Mke wake alimkataza kabisa kwenda. Aliniambia kwamba wakati wa uchumba alimtuma kununua kuku, akalipa alichoombwa, kisha akamshukuru muuzaji. "Nilijua naolewa na mutu wa kufa maskini," alisema, na Papa Kine, aliyekuwa palepale akiunguza ulimi na chai, alikubali kwa kichwa.

Zamu yangu ilipofika aliushika mguu wangu chini ya goti, akauvuta kwake taratibu, akausikiliza kwa vidole. Kisha akaniambia kwamba kano ya ndani, wao wanaiita ligament, imekatika, na kwamba watu wengi hurudi kukimbia bila kupasuliwa, ikiwa paja litakubali kufanya kazi ya ile kano.

"Miezi ngapi, Papa?"

"Mwaka moja na nusu."

Niliona mtihani wa kwanza wa Beni ukipita mbele yangu kama gari lisilosimama. Nikasema, "Sawa, Papa. Wasingya," yaani asante.

Alinitazama. Aliendelea kunitazama, mkono wake bado kwenye goti langu. Leo najua alikuwa anangoja. Wakati ule nilidhani ananihurumia, nikavaa kiatu haraka nisije nikalia.

Kwa nini sikupunguza? Kwa sababu mimi nimejifunza kila kitu peke yangu, na mtu aliyejifunza peke yake akipata siku moja kuambiwa jambo na mwenye kujua, analishika kama Maandiko. Mimi ni nani nikate miezi ya kano? Sheria haipunguzwi. Mwamuzi asemaye "fanya nusu penalti" hayupo.

Nilifanya mazoezi kwake mpaka goti likakunjika lote na nikaweza kushuka kilima cha kwetu na ndoo. Akasema sasa najua njia, niendelee nyumbani, nirudi nikisikia kitu. Sikusikia kitu, kwa hiyo sikurudi. Nilikaa na mwaka wangu na nusu. Mama aliniambia nitafute kazi nyingine, kwamba filimbi haijawahi kumjengea mtu nyumba. Wenzangu walipopanda gari kwenda Beni kufanya mtihani, niliwasindikiza mpaka kituo cha magari na kuwabebea begi la viatu. Nilijiona mtu mwenye nidhamu kubwa.

Wiki chache baadaye nilikuwa Rughenda, pembeni ya uwanja wa ndege. Pale kuna barabara tambarare, kitu adimu kwetu, na wanaojizoeza kukimbia wote huenda huko asubuhi. Mimi nilikwenda kutembea na kuwaangalia. Papa Kine alishuka kutoka kwenye moto, bado ikitembea, akaja kwangu na kicheko chake chote.

"Arbitre! Beni ilikuwa namna gani?"

"Sikuenda, Papa."

"Juu ya nini? Barabara ilikuwa mubaya?"

"Muda wangu haujaisha. Ulisema mwaka na nusu."

Kicheko kilibaki usoni kidogo, kama taa ya gari lililozimwa. Alitazama goti, akanitazama mimi, akatazama tena goti.

"Ruka," alisema. "Kwa huu ya kushoto peke yake."

Niliruka. Aliniamuru tena, mbele, kando, nigeuke hewani. Nikageuka. Goti lilitua kama jiwe kwenye udongo. Papa Kine aliketi kwenye ukingo wa mfereji, yeye ambaye sijawahi kumwona akiketi bila kuitwa.

"Hii goti iko muzima zamani," alisema. "Miye nilikuwa nazani unakimbia tangu mwezi ya kenda, ya kumi."

"Lakini ulisema..."

"Nilisema mwaka na nusu. Nilikuwa nangoja unipunguzie!"

Akanieleza, mikono ikienda huku na huku. Alipoanza kazi alikuwa akiwaambia watu muda wa kweli. Walikuwa wanakata nusu, mbele yake au wakifika nyumbani, na wanarudi wamebebwa. Basi akajifunza kupandisha, ili wakikata wafike palepale anapopataka. Kano yangu ilikuwa ya miezi tisa mpaka mwaka. "Kila mutu anapunguza! Hata padri alipunguza! Hata mama yangu muzazi! Weye tu, Arbitre. Weye ulisema sawa."

Sitasema nilimsamehe palepale. Nilikuwa na hasira. Mtihani mmoja kati ya miwili ulikuwa umekwenda, goti likiwa zima, kwa sababu ya desturi ya sokoni ambayo mtu asiyejua kununua kuku aliipeleka kwenye mifupa ya watu. Nilimwambia hivyo, kwa sauti, na wakimbiaji wakageuka kutazama msichana anayemgombeza mzee.

Hakujitetea. Alisema, "Nilikosa. Imebakia mitihani ngapi?"

"Mmoja."

"Basi inatosha moja. Anza kukimbia."

"Sasa?"

"Unangoja nipunguze nini?"

Nilikimbia na viatu vya kutembelea, mpaka mwisho wa ile barabara na kurudi. Kila nilipotua mguu wa kushoto niliingoja ile sauti ya kijiti. Haikuja, na nikaendelea kuingoja mwaka mzima. Hilo ndilo lililonichosha, kuliko mbio.

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alikuwa Rughenda na kiti cha plastiki alichokifunga nyuma ya moto. Goti lake lilimnyima kusimama. Alinifundisha kusimama ghafla, kugeuka, kukimbia kinyumenyume, yote ambayo mwamuzi huyafanya. Hakuniambia tena muda wa kitu chochote. Nilipouliza, "Lini nitaweza mbio za kasi?" alijibu, "Siku paja ya kushoto inafanana na ya kuume. Mimi sijue tarehe yake, uulize paja." Niliichukia njia hiyo. Mimi napenda tarehe. Lakini nilipima mapaja yangu kwa kamba kila juma, na siku kamba ilipofungana palepale pande zote mbili, nilikimbia kwa kasi na sikumwomba ruhusa.

Alijaribu pia kubadilika kazini, na akashindwa. Aliwaambia wagonjwa, "Tutaona goti inasema nini," nao wakaondoka wakinong'onezana kwamba mzee amesahau kazi. Mfanyabiashara hawezi kukaa bila bei. Basi akarudia kupandisha miezi kama zamani, ila aliongeza jambo moja, ambalo nililisikia kwa masikio yangu nilipompelekea ndizi. Msichana mmoja aliambiwa miezi minne kwa goti lililoteguka, akasema asante, akaanza kushuka kitandani.

"Weye, mama," Papa Kine alimwita. "Hausemi kitu?"

"Niseme nini, Papa?"

"Kaa chini. Weye nakwambia ya kweli."

Mwaka ulipopita nusu, kanisa lilimpumzisha, naye akahamia Beni kwa binti yake. Alisema kule kuna joto na goti lake linapenda joto. Sikumwona miezi kadhaa. Nilikimbia Rughenda peke yangu.

Asubuhi ya mtihani nilifika uwanjani Beni mapema mno, kama kawaida yangu, nikiwa sijala. Nilikuwa mkubwa kuliko wote waliojiandikisha. Na pembeni ya mstari wa chokaa, juu ya kreti ya bia iliyogeuzwa, alikuwa ameketi Papa Kine, kapungua, na fimbo kati ya magoti. Mimi sikuwa nimemwambia. Binti yake alikuwa amesikia tangazo redioni.

Niliinama kumsalimu. Nilishindwa hata kuuliza habari za nyumbani.

"Papa, linauma."

"Inauma ao inaogopa?"

Nililisikiliza. Niliona aibu kwa jibu.

"Linaogopa."

"Hiyo haiko kazi ya kine."

"Uliguse tu, Papa. Uniambie liko tayari."

Mikono yake ilibaki juu ya fimbo. "Hapana. Nikigusa, utakimbia na neno yangu. Neno yangu ilishakukosesha mwaka muzima. Kimbia na goti yako."

Tuliitwa. Mzunguko wa kwanza nilikimbia kwa kuhesabu, wa pili kwa kuomba. Kisha vijana wawili wakaanza kuachwa, nami nikajikuta nawapita katika joto la Beni. Filimbi ya msimamizi ililia ya kuanza, ikalia ya kupumzika, ikalia tena. Yeyote aliyekosa kufika kwenye alama kabla ya filimbi aliitwa nje kwa namba. Nilisikia namba zikiitwa nyuma yangu. Katika mizunguko ya mwisho miguu haikuwa yangu tena, na ndipo nilipotambua kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimekingoja kile kijiti. Nilikuwa nangoja filimbi tu, kama kila mtu. Ilipolia ya mwisho nilikuwa nimeshapita alama. Namba yangu haikuitwa.

Nilitembea mpaka kwenye kreti. Papa Kine hakunipongeza. Alikuwa amekunja uso, ananitazama nikija, mguu mmoja baada ya mwingine.

"Huu ya kuume," alisema, "ni muzaifu. Inachoka mbele ya mwenzake."

"Ulioumia ni wa kushoto, Papa."

"Najua yenye iliumia," alisema, na akasogea kwenye kreti nipate pa kukaa.